Bastola, marisau au AR-15? Kuchagua silaha na risasi kwa nyumba ya jipsamu, Texas

Swali, kwa ufupi: "Tunaishi Arlington, Texas, mimi, mke wangu na watoto wawili, wa miaka 9 na 4. Nyumba imeungana na ya jirani. Tulikuja kwa bahati nasibu ya green card. Mdogo wa mke wangu anakaa nasi, yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi. Mwezi uliopita mtu alijaribu kuvunja mlango wa nyuma saa nane usiku. Mwenzangu kazini anasema ninunue AR-15, ile bunduki ndefu ya mtindo wa kijeshi. Muuza duka anasema bunduki ya marisau yenye punje za kuwindia ndege, kwamba hazipenyi ukuta. Mke wangu hufanya zamu za usiku hospitalini na ana mikono midogo. Nina dola 900. Ninunue nini, na risasi gani? Tukirudi Kenya, naweza kuja nayo?"

Pole sana kwa usiku ule, ndugu yangu, na heri mlango ulistahimili.

Jibu kwanza, sababu baadaye. Kwa nyumba hiyo na watu hao ningenunua bastola ya milimita 9 ya ukubwa wa kati, risasi zenye tundu kwenye ncha, za greni (kipimo cha uzito wa risasi) 124 au 147, na sefu ndogo ya kufunguka haraka iliyofungwa kwa bolti kando ya kitanda. Tochi ya mkononi iwe hapo hapo. Lakini usitoke kwenda dukani kabla ya kufika sehemu inayomhusu shemeji yako, maana hapo ndipo green card yako inaweza kuponzeka.

Tuanze na ukuta. Sisi tuliokulia kwenye nyumba za mawe ya Ndarugo au za tofali huja huku na dhana moja bila kujua: kwamba aliye chumba cha pili yuko nyuma ya kitu. Gonga ukuta wa nyumba yako kwa kifundo cha kidole. Unalia kama ngoma. Hapo pana ubao wa jipsamu wa nusu inchi, uwazi wa inchi tatu na nusu, kisha ubao mwingine wa nusu inchi. Katikati hamna kitu ila nguzo ya mbao kila baada ya inchi 16 hivi. Hata ukuta kati yako na jirani, ambao huongezwa bao kwa ajili ya moto, umetengenezwa kuchelewesha moto, haukutengenezwa kusimamisha risasi.

Sasa risasi. Kipimo kinachotumika sana Marekani kilizaliwa na msiba. Tarehe 11 Aprili 1986 maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili mjini Miami. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Mapema katika mapambano hayo risasi moja ya milimita 9 ilimpata jambazi mmoja mkononi, ikapita hadi kifuani, ikaishiwa nguvu kabla ya kufika moyoni, naye akaendelea kufyatua. Baada ya hapo FBI iliweka masharti yake: ikipigwa kwenye jeli maalumu inayoiga nyama, risasi ipenye kati ya inchi 12 na 18, yaani sentimita 30 hadi 46, hata baada ya kupita nguo nzito. Kifua cha mtu si kinene hivyo, lakini mtu husimama ubavu, hunyoosha mikono mbele, huvaa koti.

Risasi inayopenya sentimita 30 za nyama haitazuiwa na unga ulioshindiliwa kati ya karatasi mbili. Itapita ukuta wa kwanza, itapita wa pili, na mara nyingi wa tatu. Hii ni kweli kwa bastola, kwa marisau na kwa AR-15. Kwa hiyo hakuna boksi la risasi litakalokuondolea kazi ya kujua aliyelala nyuma ya ukuta ule.

Muuza duka amekosea pande zote mbili. Punje za ndege, tuseme namba 8, ni ndogo kuliko milimita 2.5 kila moja. Kwenye jeli huishia inchi tano au sita, na mtu mwenye koti zito anaweza kuumia vibaya bila kusimama. Lakini kwa umbali wa chumba, kabla hazijatawanyika, punje hizo hizo hupita jipsamu na kumfikia mtoto upande wa pili. Umepoteza nguvu na hukupata usalama.

Kwa hiyo fanya jambo moja leo usiku, kabla hujatoa hata dola. Simama pale utakapokuwa umesimama mtu akiingia, kwa kawaida upande wa mbali wa kitanda chako, ukiutazama mlango wa chumba. Nyoosha mkono mtupu kuelekea mlangoni. Mstari huo unaendelea wapi? Ukienda chumba cha watoto, hamisha kitanda chako au chao. Ukienda kwa jirani, tafuta pembe nyingine, hata ukilazimika kupiga goti ili mstari upande kuelekea dari. Mlango wa nyuma nao vivyo hivyo: kama nje yake kuna ukuta wa matofali wa uzio, huo ni upande mwema. Kuhamisha vitanda ni bure, na kunapunguza hatari kuliko tofauti yoyote iliyopo kati ya silaha mbili dukani.

Turudi kwenye risasi zenye tundu, kwa kuwa zinaeleweka vibaya. Ishike moja uitazame. Shaba imefunika risasi hadi karibu na ncha, na ncha yenyewe imechongwa tundu lenye mikunjo pembeni. Ikiingia mwilini, majimaji hujaa kwenye tundu, shinikizo hufungua ile mikunjo kama petali, na risasi ya milimita 9 hupanuka kufikia milimita 14 au 15. Ikipanuka inajikamata yenyewe na kuishia ndani. Risasi ya kawaida iliyofunikwa shaba yote haipanuki. Hutoka mgongoni ikiwa bado na kasi, na inaendelea kutafuta mtu mwingine. Hiyo ndiyo sababu ya kununua yenye tundu. Lakini ukikosa shabaha, ikigonga jipsamu, unga huziba lile tundu, nayo inaendelea kama risasi ya kawaida. Faida yake ni pale unapopata, haipo pale unapokosa.

Kwenye boksi tafuta herufi JHP. Za mazoezi huandikwa FMJ. Kati ya zinazoaminika na kupatikana kwa urahisi ni Federal HST na Speer Gold Dot. Kuhusu greni: 124 ni gramu 8 hivi, 147 ni gramu 9 na nusu. Nzito huenda polepole kidogo, na watu wengi huona inasukuma mkono kuliko kuupiga. Achana na boksi zenye alama ya +P kwa sasa. Shinikizo lake ni kubwa, teke linaongezeka, na unachopata hakilingani. Achana pia na zile zinazojitangaza kwamba hupasuka vipande vipande na "haziwezi kupita ukuta". Vipande vyepesi huishia karibu na ngozi.

Linganisha maandishi ya mtutu na ya boksi. 9mm Luger na 9x19 ni kitu kimoja. 9mm Makarov ni nyingine, na .380 Auto ni nyingine pia, hata kama baadhi ya boksi zake zimeandikwa "9mm" na neno la Kijerumani la "fupi" pembeni.

Kwa nini si AR-15? Si silaha mbaya kwa kazi hii. Ni rahisi kulenga kwa sababu ina kitako begani, teke lake ni dogo, na risasi nyepesi za .223 zenye tundu au zenye ncha laini, za greni 55 hivi, huyumba na kuvunjika zikigonga vitu, kwa hiyo kwenye jipsamu mara nyingi si mbaya kuliko bastola. Mwenzako kazini hakukudanganya. Matatizo ni mengine. Mlio wake ndani ya chumba unazidi desibeli 160, ilhali 140 tayari huharibu masikio. Bastola nayo inaharibu, ila hii ni kali zaidi. Urefu wake katika korido nyembamba ni usumbufu ukiwa umembeba mtoto wa miaka minne kwa mkono mmoja. Na sefu ya kufunguka haraka inayoitosha itakula karibu fedha yote. Ukija kuinunua siku nyingine, soma mtutu: ulioandikwa .223 Remington pekee usiulishe risasi za 5.56, kwa sababu chemba (pale risasi inapokaa ikisubiri kufyatuliwa) ya 5.56 ina nafasi zaidi na shinikizo likiingia kwenye chemba finyu hupanda kupita kiasi. Kinyume chake hakina shida. Na usinunue bunduki yenye mtutu chini ya inchi 16, au ya marisau chini ya inchi 18. Hizo zina sheria yake ya shirikisho tangu 1934.

Bunduki ya marisau inastahili maneno zaidi, maana ndiyo inayosifiwa kwa sababu zisizo za kweli. Ya pampu, yaani inayokokiwa kwa kuvuta nyuma na kusukuma mbele kishikio cha chini ya mtutu, kama Mossberg 500 au Remington 870, ni nafuu na imara. Ganda la geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) la namba 00 lina punje nane au tisa, kila moja milimita 8.4. Kwa karibu hakuna kinachoisogelea kwa nguvu. Lakini watu husema "huhitaji kulenga". Marisau hutawanyika kama inchi moja kwa kila mita ya umbali, na magamba ya kisasa kama Federal FliteControl hutawanyika chini ya hapo. Chumbani kwako ni mita nne. Kundi zima la punje litakuwa la ukubwa wa ngumi. Ukikosa kwa upana wa ngumi, umekosa zote nane, na zote nane zinaelekea kwa jirani. Husema pia "mlio wa kukoki pekee utamfukuza mwizi". Huenda ukamfukuza, huenda ukamwonyesha ulipo. Usijenge ulinzi wa watoto juu ya mlio.

Kuna teke lake pia. Kitako cha kawaida ni inchi 14 kutoka kifyatulio hadi begani. Mtu mdogo wa mwili atakinyooshea mkono hadi ashindwe kuishikilia, bunduki itampiga shavuni, na baada ya ganda la tatu atakuwa anafumba macho kabla ya kufyatua. Akiogopa, hataivuta pampu hadi mwisho: ganda tupu halitatoka, au jipya halitapanda, na bunduki itakwama. Hilo ndilo kosa namba moja la pampu, na hutokea zaidi mtu akiwa na hofu. Ukiamua lazima iwe marisau kwa sababu ya bei, chukua geji 20 yenye kitako kifupi cha inchi 12 au 13, na magamba ya namba 3 ya wanyama. Kisha usiwahi kuweka geji 20 na geji 12 katika nyumba moja. Ganda la geji 20 likitumbukizwa kwenye bunduki ya geji 12 huteleza kupita chemba na kunasa ndani ya mtutu. Mtu anaona chemba tupu, anaweka la geji 12, anafyatua, mtutu unapasuka karibu na mkono wake. Ndiyo maana magamba ya geji 20 hutengenezwa ya rangi ya njano.

Kwa hiyo bastola, ingawa ndiyo ngumu zaidi kupatia shabaha kati ya hizo tatu. Inashinda kwa jambo moja tu, lakini kwa nyumba yenye watoto ni zito: inaingia kwenye kisanduku cha chuma kinachofunguka kwa sekunde tatu, na inakuachia mkono mmoja kwa ajili ya simu, mlango au mtoto.

Glock 19, Smith & Wesson M&P9 ya ukubwa wa kati, au Canik ya Kituruki ukitaka kupunguza bei. Usinunue ile ndogo ya mfukoni kwa kudhani mikono midogo inataka bastola ndogo. Bastola nyepesi hupiga teke zaidi, na kishikio chake kifupi humwacha mtu na kidole kimoja hewani. Nenda na mke wako kwenye renji, yaani uwanja wa mazoezi ya shabaha, inayokodisha silaha, ajaribu mwenyewe. Unachoangalia ni mambo mawili: kidole chake cha shahada kinafika kwenye kifyatulio bila kuupinda mkono wote, na anaweza kuvuta slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma ili kuingiza risasi. La pili huwashinda wengi kwa sababu ya mbinu. Asiishike kwa vidole viwili kama anafungua zipu. Aishike kwa kiganja kizima upande wa nyuma, bastola iwe karibu na kifua lakini mtutu ukiangalia mbele, kisha mkono wa kulia usukume mbele huku wa kushoto ukivuta nyuma. Ikifika mwisho aiachie ghafla. Akiusindikiza mkono kurudi mbele, risasi hunasa katikati ya njia. Kama bado inamshinda, Smith & Wesson wana Shield EZ iliyoundwa iwe na slaidi laini. Inabeba risasi 8 badala ya 15, na nane zinatosha.

Hesabu ya dola 900 ningeigawa hivi. Bastola 450. Sefu 150. Darasa la mwanzo la mtu mmoja 100, na mke wako alipie la kwake mwezi unaofuata. Risasi 200 za mazoezi, kama 60. Risasi 50 zenye tundu, kama 45. Tochi 30. Kinga za masikio na miwani 30. Kinachobaki, kama 35, kitaenda kwenye kodi ya mauzo, ambayo huko kwenu hufikia asilimia 8.25; hakitatosha kuilipa yote, kwa hiyo punguza kidogo kwenye bastola. Bei hupanda na kushuka, lakini uwiano usiuvunje. Bastola ya dola 850 bila sefu ni hatari uliyoileta nyumbani kwa fedha yako mwenyewe.

Na skrubu nane za dola chache, kabla ya yote. Kibati cha mlangoni kinachopokea komeo mara nyingi kimefungwa kwa skrubu za robo tatu inchi zilizoishia kwenye fremu nyembamba. Zitoe, weka za inchi tatu zifike kwenye nguzo ya mbao, na kwenye bawaba hivyo hivyo. Mlango utahimili mateke ambayo jana usingeyahimili.

Sefu. Juu ya kabati si mahali pa kufichia. Mtoto wa miaka 9 anajua kila kitu kilichoko juu ya kabati, na Krismasi zenu zote amezipata huko. Chukua ya vibonye vya namba. Za alama ya kidole hukataa kidole chenye maji, chenye mafuta, au ngozi iliyopasuka kwa sabuni za hospitali, na mke wako anaosha mikono mara ngapi kwa zamu moja? Ifunge kwa bolti kwenye fremu ya kitanda au sakafuni. Isiyofungwa, mwizi anaibeba kama kisanduku cha chakula. Betri ibadilishe kila mwaka hata kama bado inafanya kazi. Ufunguo wa akiba usikae chumba hicho. Ndani, bastola ikae kwenye ala ya plastiki ngumu inayofunika kifyatulio, maana mkono unaopapasa gizani hushika chochote.

Hadi nyote wawili mmalize darasa, magazini iwe ndani na chemba iwe tupu. Wapo walimu wazuri watakaopinga, na hoja yao ni ya kweli: kukoki gizani kwa mikono inayotetemeka hukosewa. Lakini kwa wiki za mwanzo naona hatari kubwa zaidi ni mikono yenu isiyozoea. Mkizoea, amueni pamoja.

Sheria ya Texas, kifungu 46.13 cha kanuni za adhabu, humhesabia kosa mtu ambaye kwa uzembe ameacha silaha yenye risasi bila kuilinda, na mtoto chini ya miaka 17 akaifikia. Watoto wafundishwe maneno manne bila kutishwa: simama, usiguse, ondoka, mwambie mkubwa. Wayaseme kama wanavyosema namba ya simu ya mama.

Jambo lingine linalohusu sefu hiyo nalisema wazi kwa sababu kwetu hatulisemi. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua. Kama kuna mtu ndani ya nyumba aliyezama katika huzuni, awe wewe, mke wako au shemeji, bastola isiingie, au itoke iende kuhifadhiwa nje hadi hali ipite. Namba 988 hupokea simu saa 24.

Sasa makaratasi. Mwenye green card anaruhusiwa kununua na kumiliki. Utajaza fomu 4473 dukani na kuandika namba yako ya uhamiaji inayoanza na A. Leseni ya udereva iwe na anwani unayoishi leo. Kama bado ina ya zamani, duka litakuhitaji hati nyingine ya serikali yenye anwani mpya. Bastola kutoka dukani ni kuanzia miaka 21. Ukaguzi wa shirikisho mara nyingi humalizika papo hapo, na wakati mwingine huchukua siku tatu za kazi au zaidi. Usikasirike. Fomu itauliza kuhusu bangi. Hata ukiwa umetoka jimbo ambako ni halali, kwa sheria ya shirikisho si halali, na kudanganya kwenye fomu hiyo ni kosa kubwa. Usinunue kwa niaba ya mtu mwingine, hata rafiki wa kanisani aliyekupa pesa taslimu. Hilo ni kosa la shirikisho, na kama mtu huyo amekatazwa kuwa na silaha, kifungo ni hadi miaka 15 tangu sheria ya 2022.

Shemeji yako ni jambo jingine. Mwenye viza ya mwanafunzi, kama walivyo wengi wenye viza za muda, amekatazwa na sheria ya shirikisho kuwa na silaha wala risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. "Kuwa nayo" si lazima aishike mkononi. Akijua namba ya sefu na aweze kuifikia, mwendesha mashtaka anaweza kusema anayo. Kwa hiyo asijue namba, asiwekewe boksi la risasi chumbani mwake, asiende nawe renji akafyatue "kidogo tu". Nawe pia: kwa mwenye green card, hukumu ya kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini, hata liwe kosa ambalo raia angelipia faini akarudi kazini. Kabla ya kukubali shtaka lolote la namna hiyo, ongea na wakili wa uhamiaji, si wa jinai peke yake.

Siku yenyewe ikifika, Mungu aepushe, usizunguke nyumba kutafuta mtu. Kusanya watoto chumbani kwako, funga mlango, piga 911, kaa nyuma ya kitanda. Ukihitaji Kiswahili sema neno moja tu, "Swahili". Vituo vingi huunganisha mkalimani kwa simu. Waambie mko wangapi, chumba gani, umevaa nini, kwamba una bastola na kwamba mwenye nyumba ni mtu mweusi. Sheria ya Texas, kifungu 9.32, haikulazimishi kukimbia ndani ya nyumba yako mtu anapoingia kwa nguvu. Lakini anayetoka mbio na televisheni muache aende. Polisi wakifika, bastola isiwe mkononi mwako. Iweke kitandani, rudi nyuma, mikono mitupu, vidole vikiwa wazi. Polisi aliyeitwa usiku kwa tukio la uvamizi anamtafuta mtu mwenye silaha, na hakujui.

Tochi iwe ya mkono wa kushoto, mbali na bastola. Zipo zinazofungwa chini ya mtutu na ni nzuri, lakini anayeitumia kutazama anaelekeza mtutu kwa kila anachokitazama. Yule aliyesimama jikoni saa nane usiku anaweza kuwa mtoto wako wa miaka 9 aliyefuata maji, au mke wako aliyeachiwa mapema kazini. Wekeni neno moja la nyumbani ambalo anayeingia usiku hulitaja mlangoni kabla ya kupanda. Neno la Kiswahili linafaa sana huko.

Kwenye renji, anza mita tatu, ukipata sahani ya chai mara tano mfululizo rudi hadi mita saba. Ukitumia mkono wa kulia na risasi zako zote zinaangukia chini kushoto, si alama za kulengea zilizopinda: unaisukuma bastola ukilitarajia teke. Mwambie mke wako akujazie magazini akichanganya risasi mbili za bandia za plastiki, zisizolipuka, bila kukwambia ziko wapi. Zikifika, utauona mtutu ukiinama wenyewe, na utajua cha kurekebisha. Ganda tupu likisimama wima mlangoni pa slaidi, mara nyingi ni kifundo cha mkono kilicholegea. Gonga kitako cha magazini, vuta slaidi, endelea. Lakini ukisikia mlio dhaifu kama wa kizibo, simama kabisa. Huenda risasi imebaki ndani ya mtutu, na inayofuata itaupasua.

Zile 50 zenye tundu, fyatua 30 kuhakikisha bastola inazimeza. Ishirini ziende kwenye sefu. Na hapa kuna kosa la kimyakimya: anayetoa risasi ile ile kila wiki na kuirudisha chemba, kila mara ncha inagonga na kuzama kidogo ndani ya ganda, nafasi ya baruti inapungua, shinikizo linapanda. Ilinganishe na mpya kwa kuzisimamisha mezani bega kwa bega. Ikiwa fupi, usiifyatue.

Na Kenya: hapana, usibebe. Silaha na risasi kule ni za mwenye cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na hata risasi moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa pembeni wa begi ni kosa, uwanjani Nairobi au unapobadilisha ndege njiani. Begi la renji liwe la renji peke yake, la rangi usiyoweza kuichanganya na lolote mnalosafiria.